Suruali ya Maombi

Jumatatu, 6 Mei
Nimeamua kuwa mtu wa maombi. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, bila kukosa. Uamuzi huu hauhusiani kabisa na tangazo la jana kwamba Jumapili mchungaji atateua kiongozi wa kikundi cha maombi. Hata kidogo! Ingawa kiongozi hukaa kiti cha mbele, chenye mto, na hata wazee humwamkia.
Saa ililia. Nikaizima haraka nisimsumbue mke wangu. Upendo nao ni ibada. Niliamka saa moja na robo.

Jumanne, 7 Mei
Nimepiga magoti! Dakika nne nzima. Moja nilimshukuru Mungu. Tatu nilijiuliza kama nilifunga dirisha la ofisi. Kisha usingizi ukanipitia palepale, shavu juu ya godoro. Mke wangu aliniuliza kama nimeanguka.
Jioni alipita jirani yetu seremala. Mchungaji haishi kumsifu mtu huyu, na kanisani hasemi neno zaidi ya amina. Leo nimeing'amua siri yake. Suruali imechakaa magotini! Mimi karani wa ofisi ya maji, zangu zote zimechakaa kwa nyuma. Nani atateua makalio?

Jumatano, 8 Mei
Nimemwomba seremala msasa. Nikadanganya kwamba ni wa mguu wa meza. Akanipa vipande viwili, akataka hata kuja kunisaidia. Mpelelezi! Nikajikausha, nikaingia ndani.
Suruali ikiwa mkononi haisuguliki vizuri, inateleza. Basi nikaivaa. Nikasugua kwa bidii ya mtu aliyeokoka. Kitambaa kikaisha, ngozi ikafuata. Nilipiga yowe, majirani wakadhani nimeungua.
Mke wangu anasema mama yake atafanyiwa upasuaji wa tumbo keshokutwa, tumwombee pamoja. Nikamshauri tungoje Jumapili, tuombe kanisani penye vipaza sauti. Akanitazama weee. Kisha akaenda kuomba jikoni peke yake. Hana subira, mwanamke huyu.

Alhamisi, 9 Mei
Maombi: hakuna. Magoti yamevimba, hayakunjiki. Mungu anaelewa.
Baada ya kazi nilikwenda ofisini kwa mchungaji na suruali yangu. Nikasimama dirishani, penye mwanga. Nikakohoa. Nikanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Hatimaye akaona! Akafunga mlango, akanishika bega, akaniambia kwa upole nisione haya, kanisa lina nguo za msaada. Nimerudi nyumbani na suruali ya kijivu ya mtu mwenye kitambi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 10 Mei
Mke wangu alikwenda hospitali na mama yake asubuhi. Akaahidi kupiga simu saa nne. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Saa sita nikapiga mimi. Haipatikani.
Roho ikawa juu juu. Katika ukoo mzima wa mke wangu, mama mkwe ndiye peke yake anayecheka utani wangu. Wote walipokataa nisimwoe binti yao, ni yeye aliyewanyamazisha. Niliogopa, naandika bila kificho. Nikaingia stoo ya mafaili pale ofisini, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikapiga magoti. Vidonda vikafumuka. Sikujua niseme nini. Nikasema, Mungu, usimchukue mama huyu. Nikarudia hayohayo, basi, hayohayo, huku nikilia kama mtoto. Nilipoinuka, nusu saa ilikuwa imepita.
Simu ikaita. Mke wangu alikuwa ameishiwa chaji. Mama ameamka salama na tayari amemkaripia muuguzi kuhusu shuka.

Jumamosi, 11 Mei
Seremala amekuja kumpa mke wangu pole. Kumbe tangu Jumatano anamwombea mama mkwe. Nilimuuliza kijanjajanja hupiga magoti saa ngapi. Akajibu kwamba magoti yake huyatumia kupigilia sakafu za watu kutwa nzima, kwa hiyo kuomba huomba akitembea kwenda kazini. Akitembea! Mikono mfukoni! Nimempigia mchungaji simu papo hapo kumfichulia uovu huo. Akanishukuru. Akasema huo ni ushuhuda mzuri sana.

Jumapili, 12 Mei
Ameteuliwa seremala. Akasimama, akasema hastahili, akaketi kwenye mto. Makofi! Kwa hotuba ya neno moja!
Kisha mke wangu akasimama kuwashukuru wote waliomwombea mama yake. Akawataja mmoja mmoja, hadi mama muuza mkaa. Mimi hakunitaja. Nami nilikuwa nimeshaanza kuinuka nipungie watu mkono, ikanibidi nijifanye nanyoosha mgongo.
Lakini linaloniuma kuliko yote ni Ijumaa. Nusu saa nzima! Machozi halisi! Damu! Sijawahi kuomba vile tangu nizaliwe, na nilikuwa nimejifungia stoo na mafaili. Hata mfagizi hakuniona. Nguvu nyingi kiasi kile, zimepotea bure. Kuanzia kesho nitaomba pale mapokezi ofisini, saa nne asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imefika mlangoni.