Nyanya za Uzi wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na moja. Sijawahi kuotesha nyanya hata moja. Zile nyanya nono zinazoning'inia bustanini kwangu kila msimu, zile zinazomfanya jirani yangu Fundi asimamishe cherehani yake na kuguna, zote ni za sokoni. Alfajiri nazichukua kwenye kapu la jikoni na kuzifunga kwa uzi wa kijani, upande wa uzio anakoziona yeye. Zikipungua kapuni, binti yangu, ninayeishi naye, anamlaumu panya. Ameshatega mitego mitatu.

Na mimi ni mwalimu wa baiolojia! Miaka thelathini na minne! Naweza kuchora ua na sehemu zake zote nikiwa nimefumba macho. Mnyanya nikiupanda, unachanua, halafu maua yanakufa bila tunda.

Leo daktari kaniambia moyo umechoka, niweke mambo yangu sawa. Nikamuuliza umebaki muda gani. Akatazama dirishani. Daktari anayetazama dirishani hana habari njema.

Basi nimeamua. Nitaungama kwa Fundi kabla sijaondoka. Sitaki asimame kwenye maziko yangu akisifia nyanya.

Ila kwanza nijue zake huotaje. Nikianza kuungama, ataninyima siri. Kwa hiyo: siri kesho, toba keshokutwa. Mpango safi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Nilimpeleleza Fundi kwa darubini, nimejibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa. Binti yangu akaja kuzianua shuka. Akauliza natazama nini. Ndege, nikasema. Ndege gani? Mdogo. Akataka kujua kama ndege huyo mdogo kavaa miwani na futi ya kupimia shingoni. Ulimi wa marehemu mama yake mtupu, huyu.

Lakini nimegundua! Fundi hushonea bustanini, na meza ya cherehani imeegemea fito zinazoshikilia minyanya yake. Akikanyaga, vyote vinatetemeka: meza, fito, mashina, maua. Chavua inadondoka ndani ya ua lenyewe. Uchavushaji! Neno hilo nimelisahihisha kwenye maelfu ya madaftari, wala sikuwahi kulitazama likitokea.

Nikaenda kwenye mnyanya wangu nikatazama ua moja mpaka chai ikapoa. Dogo, la njano, limeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Kumbe ndani yake kuna shughuli yote hiyo! Kwa nini sikuwahi kuinama kulitazama? Nilikuwa nafunga uzi.

Nahitaji kitu kinachotetemeka.

Jumatano, 6 Machi

Toba imeahirishwa.

Mashine yangu ya kunyolea ndevu inatetemeka vizuri sana. Pia inanyoa. Maua tisa, yote chini.

Binti yangu akauliza kwa nini mashine imejaa majani. Nikamwambia ndevu za uzeeni zina mambo yake. Akaenda kumpigia daktari simu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeungama!

Binti yangu alinishika mkono hadi kwa Fundi. Ni hatua chache tu, nikapumzika mara mbili. Pumzi ilikuwa sababu moja. Hofu ilikuwa ya pili. Kila siku saa nne asubuhi Fundi huja uzioni, tukatukaniana nyanya kwa nusu saa nzima. Yeye huziita zangu majipu, mimi huziita zake vifungo vya shati. Sina miadi mingine maishani. Nikikiri, saa nne itakuwa saa nne tu, kama saa tano.

Nikasema yote kwa pumzi moja. Fundi hakusimama. Akashona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza:

"Mwalimu, uzi huo wa kijani unanunua wapi?"

Nikajibu: kwake yeye mwenyewe.

"Na miaka kumi na moja hii umeshona nini?"

Sijashona hata kifungo.

Akasema fundo langu ni aibu ya mtaa, halikai hata siku mbili. Nyanya zilipodondoka, yeye ndiye aliyekuwa akipenyeza mkono uzioni na kuzifunga upya, kwa fundo la kifungo cha koti. Na mimi nilidhani ni kazi yangu! Nilikuwa nikiyatazama yale mafundo na kujisifu!

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema tangu mkewe afariki, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiamka mapema kwa ajili yake.

Binti yangu ndiye aliyejibu. Alisema atakwenda kutegua mitego ya panya.

Jumapili, 10 Machi

Nimekatazwa kusimama. Wameniwekea kiti bustanini, kiti kifupi, kwa upande wa jikoni ambako sijawahi kufunga kitu maana Fundi haoni. Nikainua jani.

Nyanya! Ndogo, imepinda, ina kovu, imeiva. Nikatafuta uzi. Hakuna. Nikaivuta kidogo. Ikanikatalia.

Imetoka wapi? Nimelichunguza jambo hili asubuhi nzima kwa furaha ambayo sikuipata hata siku ya kustaafu. Mnyanya huo umeegemea mlango wa jikoni. Binti yangu huubamiza mlango huo mara arobaini kwa siku. Ninamgombeza kwa kubamiza huko tangu akiwa na miaka mitano! Kumbe kila kishindo kilikuwa kikitikisa maua. Nimemwambia aendelee kubamiza. Amesema sasa hata akiniona mzima atampigia daktari.

Saa nne Fundi akaja, safari hii mpaka kitini. Akaiona. Akavaa miwani, akapiga magoti, akatafuta fundo. Akazunguka shina. Akavua miwani, akatafuta kwa vidole. Hakuliona. Akamwita binti yangu aje ashuhudie: miaka arobaini ya sindano, hajaona fundo lililofichwa namna ile. Akanipa mkono, akanitikisa mpaka bega. Akaniomba nimfundishe.

Nilifungua kinywa kusema kweli. Naapa nilikifungua.

Lakini hakuna aliyewahi kusifia mikono yangu. Nikamwambia ni fundo gumu, la siri, nimelibuni mwenyewe. Aje kesho saa nne na uzi wake.

Ameondoka akipiga mluzi. Mimi nimebaki na kipande cha uzi mapajani, nabuni. Mpaka sasa nimejifunga kidole gumba.

Nikiondoka kabla ya saa nne kesho, atakayeusoma ukurasa huu amwambie Fundi: ile haikufungwa. Iliota.