Sauti ya Marehemu Iko Kampuni ya Maji

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua hazina! Kampuni ya maji hurekodi simu zote. Mwaka juzi marehemu mke wangu aliwapigia, akawasema nusu saa nzima kuhusu mita. Sauti yake ipo kwao. Mimi sina hata sekunde moja. Simu yake niliidondosha kwenye ndoo.

Nikapiga. Binti wa huduma kwa wateja akasema pole sana baba, sheria ya taarifa binafsi inamlinda mteja, siwezi kumpa rekodi kila anayeomba. Nikauliza, na mwenyewe akiomba? Akasema huyo hana tatizo.

Hana tatizo!

Jumanne, 4 Machi
Nimebana pua kwa kibanio cha nguo, ujanja wangu wa siku zote, nikapiga kama marehemu. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya mita, vyote sawasawa. Binti akasema pole na mafua, baba.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Ana mdomo yule.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda ofisini kwao na ovaroli na ngazi. Nikasema nimetumwa kukagua mitambo ya rekodi. Mlinzi akauliza kama mitambo iko juu ya paa. Binti akashuka, akanitambua kwa sauti. Hakuita polisi. Alinipa maji ya kunywa na fomu. Kumbe sheria hiyohiyo inamruhusu mrithi kusikiliza! Ukurasa mmoja tu! Ila lazima ndugu wa marehemu atie sahihi. Yaani shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji alitia sahihi, kwa sharti tusikilize wote. Chumba kidogo, viti viwili, binti amesimama mlangoni. Kwanza kile kikohozi chake cha kabla ya kugomba. Kisha kijiko kinagonga kikombe. Kisha yeye: “Mwanangu, mita yenu inazunguka hata bomba likiwa limefungwa!”

Mwishoni akaonya taarifa zake asipewe mtu ovyo. “Na mume wangu akipiga amebana pua, mwambieni aje kwa mlango wa mbele. Ana moyo mzuri, ujanja ndio hana.”

Shemeji akanishika mkono. Tulilia. Halafu tukacheka, na binti naye.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekumbuka kliniki ya macho! Kule aligomba kwa simu mara mbili. Shemeji anasema nikaombe fomu.

Fomu! Nimeshanunua kibanio kipya. Hiki hakiumizi.