Malalamiko Kuhusu Jua Lililowaka Marlthorpe Siku Mbili Mfululizo

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Matembezi ya Bei Nafuu,
Gazeti la Ossley.

Mheshimiwa Mhariri,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka thelathini na moja, fundi mstaafu wa mashine za kufuma. Sijawahi kuwaandikia ila mara moja, mlipochapisha picha ya boga langu mkaandika kuwa ni la mtu mwingine. Hayo yamekwisha. Leo nina jambo zito zaidi.

Mwezi uliopita nilikata kuponi tisa gazetini mwenu, nikazibandika kwenye fomu kama mlivyoelekeza, nikapata mapumziko ya wikiendi kwenye pwani ya Marlthorpe, mwishoni mwa Septemba, vyumba viwili, mimi na Bi. Glenys Firth. Bi. Glenys ni mjane. Vibustani vya mboga tunavyokodi kwa manispaa vimepakana, na kwa miaka sita tumekuwa tukipeana mbegu za maharage juu ya ua. Niseme wazi ili malalamiko yaeleweke: nilikwenda Marlthorpe kumposa. Nimerudi sijamposa. Lawama nazielekeza kwenu, na sababu zangu ni hizi.

1. Jua. Lilitoka Jumamosi saa mbili asubuhi na halikuondoka hadi tulipoondoka sisi. Mhariri, wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kufundishwa. Mtu wa kwetu akienda baharini huegesha gari likitazama maji, hufunga vioo, humimina chai ya chupa, huweka samaki na chipsi mapajani, na mvua hupiga juu ya paa. Vioo vikishaingia ukungu hakuna wa kuwaona, wala hakuna pa kukimbilia. Humo ndimo mambo makubwa ya nchi hii huamuliwa. Baba yangu alimposa mama humo. Dada yangu alimwambia mumewe humo kwamba paka atabaki. Nami nilikuwa nimehifadhi sentensi moja kwa moyo, maneno kumi na manne: “Glenys, tumefahamiana miaka sita, na nyumba yangu ni kubwa kwa mtu mmoja, tuoane, ukipenda.” Ilitungwa kwa matumizi ya ndani ya gari. Nilipoegesha, Bi. Glenys alitazama anga, akasema, “Norman, tukikaa humu ndani na hali hii watu watadhani tumekufa.” Akafungua mlango.

2. Mama mwenye nyumba ya wageni. Kila mtu anajua mama mwenye nyumba wa pwani anavyopaswa kuwa. Anabandika matangazo ya makatazo hadi msalani. Saa nne asubuhi anakufungia mlango na kukwambia urudi saa kumi na moja jioni, nawe unalazimika kuishi garini. Hilo nililitegemea. Badala yake tulipewa Bi. Gathercole, mwanamke mkarimu kupita kiasi, aliyewasha moto sebuleni bila kuombwa, akaleta biskuti, kisha akakaa. Alikaa Ijumaa jioni yote. Asubuhi alimuuliza Bi. Glenys, “Na mumeo nimpikieje mayai?” Bi. Glenys akajibu, “Huyu si mume wangu. Huyu ni Norman.” Nimesikia jina langu likitumiwa kwa mambo mengi, lakini sijawahi kulisikia likitumiwa kama kinyume cha mume.

3. Pazia la kukinga upepo ufukweni. Nililileta langu, la mistari, lenye fito nne, na nyundo ya mbao. Upepo haukuwepo, ila nililipigilia mchangani vilevile, maana mtu hawezi kukaa ufukweni pasipo ukuta. Likawa chumba kizuri, watu wawili, faragha. Haikupita nusu saa akatokea bwana mmoja na fito zake: “Mzee mwenzangu, huoni tuunganishe? Tutapata kona.” Ukimkatalia mtu kona utaonekanaje? Akaunganisha. Wakaja wengine, nao wakaunganisha. Kufikia adhuhuri nilikuwa naishi katika kijiji cha watu kumi na mmoja, na mimi ndiye mwanzilishi wake. Nilisogea karibu na Bi. Glenys nikaanza: “Glenys, tumefahamiana miaka sita—” Mkono ukapita katikati yetu ukiwa na sandwichi. “Ya mayai hiyo,” alisema mke wa yule bwana wa kona. “Kula, kaka, unaonekana umepauka.”

4. Bahari. Bi. Glenys alitangaza kwamba ataogelea. Ana miaka sitini na sita, na maji yalikuwa baridi ya kung'oa meno, lakini jua lilikuwa limeshampotosha. Alipotoka ilibidi abadili nguo, na kama desturi yetu ilivyo, nikashika taulo kumzunguka huku nikitazama upande mwingine. Hapo nikaona Mungu amenipa gari la dharura: mtu aliye ndani ya taulo hawezi kwenda popote. Nikaanza tena, nikiielekeza sentensi kwenye maji. Nilifika neno la nane, “Glenys, tumefahamiana miaka sita, na nyumba yangu ni—” ndipo yule mama wa sandwichi akaita, “Paza sauti, kaka, huku nyuma hatusikii.” Kijiji kizima kikanyamaza kusubiri. Nikamalizia, “—ina unyevu kwenye kuta.” Kutoka ndani ya taulo Bi. Glenys akasema, “Najua, Norman. Nilikuwa najiuliza lini utakubali.”

5. Shakwe. Ndege hawa wanajulikana kwa wizi. Nilinunua samaki na chipsi nikamkabidhi Bi. Glenys, nikasimama tayari, maana mwanamume anayemfukuza shakwe mbele ya mwanamke hupata dakika mbili tatu za heshima ambazo huweza kuzitumia. Shakwe alikuja. Alitua umbali wa hatua nne, akatazama, akangoja kwa adabu kama yuko kwenye foleni ya posta. Bi. Glenys akamrushia chipsi moja, akasema, “Angalau huyu anajua anachotaka.” Sielewi alikuwa anamlinganisha na nani.

6. Barabara. Safari ya kurudi Jumapili kutoka Marlthorpe ni ya saa tatu na nusu, na saa mbili kati ya hizo magari huwa hayasogei. Nilikuwa nimeiweka foleni hiyo kama akiba ya mwisho. Jumapili ile barabara ilikuwa tupu. Kwa kuwa watu wote walibaki ufukweni kuota jua, tulifika Ossley kwa saa moja na dakika arobaini, na nilipozima injini mbele ya nyumba yake bado nilikuwa nasafisha koo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo. Kuponi zenu ziandikwe onyo kwamba hali ya hewa inaweza kuwa nzuri. Baraza la mji wa Marlthorpe liandikiwe barua litoe maelezo. Bi. Gathercole apelekwe kwa mama mwenye nyumba mzoefu, akae naye msimu mmoja, ajifunze kununa. Ufukwe ufungwe kila jua linapowaka kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, kwa usalama wa wachumba. Na mimi nipewe kuponi nyingine tisa, za Februari, mwezi ambao kwa kweli haujawahi kumwangusha mtu. Nitashukuru pia mkinijibu mapema, kwa sababu katika kibustani cha upande wa pili wa Bi. Glenys amehamia mstaafu mmoja wa benki ya posta, mwenye vitunguu vizuri, na nimemwona akiegemea ua.

Wasalimie wote ofisini: mpiga chapa, dada wa mapokezi, na yule anayeandika utabiri wa hewa, ambaye sina kinyongo naye, ila tusikutane.

Ni mimi msomaji wenu mvumilivu,
Norman Sugden
Ossley

Nyongeza: Barua hii niliiacha mezani jikoni nikaenda juu kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta Bi. Glenys amesimama na koti lake, amekuja kuazima ngazi, na karatasi zote ziko mkononi mwake. Alikuwa kwenye namba ya tano. Sikumkatiza. Alipomaliza alisema, “Norman, kurasa zote hizi umemwandikia mhariri, na swali lenyewe ni la kwangu.” Nikasema ndiyo. Akasema, “Ungeniuliza Ijumaa mlangoni pangu, kabla hatujapakia mabegi, ningekubali, tungeokoa petroli.” Nikamuuliza kama bado anakubali. Akasema anakubali. Hapakuwa na mvua wala ukungu, dirisha lilikuwa wazi, na jirani alikuwa anatutazama wazi wazi huku akianika nguo.

Hivyo basi nafuta malalamiko namba moja hadi sita, pamoja na maombi yote. Barua naituma vilevile, kwa kuwa stempu nimeshaibandika.