Fyuzi Isiyokohoa Kabla ya Kukata

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Mheshimiwa, na naomba nikuite pia mwanangu, maana naambiwa umri wako unalingana na wa kifungua mimba wangu.

YAH: KURUDISHIWA BINTI YANGU KAMA ALIVYOKUWA KABLA HAMJAMFUNDISHA FYUZI

Natumaini u mzima, na wa nyumbani kwako wazima, na kama kuna mwenye mafua basi apate nafuu. Sisi huku miili haijambo. Roho ndiyo haijatulia, na aliyeivuruga ni kitu kidogo kuliko kidole cha mtoto mchanga.

Mimi ni mama wa yule binti mliyempa cheti cha kutengeneza vifaa vya umeme, yule mwembamba anayecheka kwa pua. Ni kitinda mimba wangu. Wenzake wote wameshaoa na kuolewa, baba yao ametangulia mbele ya haki, nyumbani tumebaki yeye na mimi. Shule yangu iliishia pale nilipojua kusoma na kuandika, lakini kulalamika sikuhitaji mwalimu. Kwa hiyo unisome mpaka mwisho, hata kama mistari yangu inapanda mlima.

Binti yangu anafanyia kazi sebuleni. Meza yake iko chini ya dirisha, na watu wanamletea televisheni, redio na kompyuta zilizokufa. Nyingi ugonjwa wake ni pawa sapulai, yaani kile kifaa cha ndani kinachopokea umeme mkali wa ukutani na kuupoza kabla ya kuupeleka kwenye viungo vingine. Nilipoelezwa hivyo nilicheka sana. Si ndiyo kazi niliyofanya miaka yote? Marehemu alikuwa akiingia mlangoni na umeme wake wa ukutani, mimi naupoza jikoni, watoto wanafikiwa na salamu ya upole. Kwa hiyo na pawa sapulai sina ugomvi. Yule ni mwenzangu.

Ugomvi wangu ni na fyuzi. Binti yangu amefunga kisanduku ukutani, na umeme wote wa sebuleni, wa kwangu na wa meza yake, unapita humo kwanza. Ndani ya kisanduku kuna kijichupa cha kioo chenye kijiuzi kimoja chembamba. Umeme ukizidi, kijiuzi kinakatika na sebule nzima inazimika. Nikamuuliza, haya mwanangu, hiki kazi yake hasa ni nini? Akanijibu bila haya: "Mama, kazi yake ni kuungua kabla ya wengine." Mkuu, nimesikia ajira za kila namna, lakini hii ya kuajiriwa ili ufe, tena ukifa ndiyo wanakusifu kwamba umefanya kazi vizuri, sijaisikia popote. Na nyinyi mnaifundisha darasani, mchana kweupe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fyuzi haina adabu. Haipigi hodi, haikohoi, haisemi "jamani samahanini kidogo". Inakata tu. Jioni moja wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja na gauni lake la kwendea harusini, akaomba alipige pasi. Nikamwekea pasi. Birika la umeme linachemka kwa ajili ya chai yake, feni inampepea, na kinyozi jirani yetu amechomeka mashine zake zipate chaji, maana kibandani kwake umeme unakuja ukijisikia. Nyumba imechangamka, kila mtu ana la kusema. Paf! Giza.

Sasa inabidi ujue jambo moja. Katika ukoo wa mume wangu, mwenye nyumba akizima taa mgeni akiwa amekaa, maana yake ni nenda zako. Bibi yao alikuwa anakipuliza kibatari kabisa, mgeni anabaki anatafuta viatu kwa kupapasa. Wifi yangu hakuuliza fyuzi ni nini. Alisimama, akakunja gauni lake, mkono mmoja umenyooka na mwingine una makunyanzi kama matumbo ya mbuzi, akasema, "Nimekuelewa, mke wa kaka yangu." Akaenda harusini hivyo hivyo, na kila aliyeuliza habari ya ule mkono alisimuliwa habari zangu.

2. Fyuzi haina macho. Nilimwambia binti yangu, basi ingekata upande wa kinyozi ikamwachia shangazi yako, kinyozi ameshazoea tabu. Akasema, "Mama, fyuzi haimjui shangazi." Haimjui! Inakaa ukutani kwangu, inawaona watu wote wanaoingia na kutoka, halafu haimjui shangazi mtu.

3. Hiyo fyuzi ina namba ya kiasi cha umeme inachobeba, na namba yenyewe ni ndogo. Nilimwomba kwa upole aweke yenye namba kubwa, inayolingana na heshima ya nyumba. Akakataa. Ati fyuzi ikiwa nene kuliko uwezo wa waya, waya ndio utakaoungua. Nikamuuliza mbona waya wenyewe haujalalamika. Akaniangalia vile anavyoangalia redio isiyotengenezeka.

4. Ugonjwa umehamia kwenye ulimi wake. Akiwa ametoka, nikimpigia simu kumuuliza kama amekula, nikapiga tena kumuuliza amekula nini, nikapiga tena kumkumbusha sweta, ananiambia, "Mama, umeme umezidi." Nikimletea habari za kijana mmoja mwenye adabu, fundi seremala, mama yake namfahamu, anasimama na kutangaza, "Fyuzi imekata," anatoka nje. Wifi yangu alipojishusha akarudi siku nyingine na pasi yake mwenyewe, huyu mtoto alimwambia, "Shangazi, pasi na birika haviwashwi pamoja. Chagua kimoja." Wifi akamjibu, "Mwanangu, unanipangia katika nyumba ya kaka yangu?" Naye akasema, "Sikupangii mimi, shangazi, unakupangia waya." Nilitamani ardhi inimeze, na wifi, na birika.

Hapa nisimame kidogo nikuulize, Mkuu. Mimi nimelea watoto, mgonjwa na mashemeji katika nyumba moja, nimezidiwa asubuhi na jioni, na hakuna siku niliyokata. Nilijikaza kisabuni. Kama mtu wa nyama na damu anaweza, kijichupa cha kioo kinajiona nani?

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binti yangu anahama. Amepata chumba cha kupanga nyuma ya duka la vitabu, na ameshapima meza kama itapita mlangoni. Anasema hana kisirani nami, ila vifaa vya wateja haviwezi kuishi na birika langu, pasi za wageni na vinyozi wa watu kwenye waya mmoja. Kila siku anabadilisha fyuzi, kila siku ananieleza, amechoka kueleza. Sasa Mkuu tufuate hesabu pamoja. Fyuzi inakata, tunagombana. Tunagombana, anahama. Anahama, mimi nabaki na feni. Kwa hiyo aliyenipokonya mwanangu ni fyuzi, na aliyemfundisha fyuzi ni wewe. Sijasema umeiba mtoto. Nimesema tufuate hesabu.

Kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Umwite binti yangu chuoni na kumwondolea somo la fyuzi kichwani. Mengine mwachieni, anayapenda.

(b) Chuo kitoe tangazo kwamba katika nyumba yenye mama, fyuzi iwe chini ya mama.

(c) Mkishindwa yote hayo, basi mtengeneze fyuzi inayokohoa kwanza, ili mtu apate nafasi ya kumuaga mgeni wake.

Kabla hata barua hii haijatoka, sikukaa bure. Leo mchana binti yangu alipotoka, nilimwita kinyozi. Akafungua kisanduku, akakitoa kile kijichupa, na mahali pake akafunga kipande cha waya wa shaba mnene kama msumari. Akajifuta mikono, akasema, "Mama, hii haikati hata radi ipige sebuleni." Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja. Nimemtumia wifi salamu aje jioni hii amalizie mkono wa pili wa gauni. Birika litawashwa, pasi itawashwa, feni itawashwa, na kinyozi achomeke anavyotaka. Binti yangu akirudi ataikuta nyumba imejaa na haijazimika, ataona kwamba tatizo halikuwa mimi, na meza haitapimwa tena.

Wasalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa getini aliyewahi kuniazima mwavuli, na mama yako mzazi. Msalimie pia mwalimu wa fyuzi, lakini usimkazie sana mkono.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima,
Mama wa binti anayecheka kwa pua.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika stempu, na stempu ikishika haibanduki, kwa hiyo barua inakuja hivyo hivyo. Lakini soma na haya.

Wifi alikuja. Tukawasha kila kitu, na umeme haukukatika. Tulicheka, akanisamehe, mkono wa gauni ukanyooka. Kisha ikaja harufu. Wifi akasema ni maandazi yangu, mimi nikasema ni pasi yake. Tukiwa katika kubishana, binti yangu akaingia, akasalimia, akaketi mezani kupima pawa sapulai ya mteja yenye hitilafu. Alivyozoea ni kuwasha na kusikiliza; kifaa kikiwa kibovu fyuzi inakata, naye anajua pa kuanzia. Ameegemea pale na uso wake wote, kwa sababu anaiamini fyuzi. Akawasha. Ule waya wa kinyozi haukukata. Kile kifaa kilinguruma, kikatoa moshi, kikatoa moto, na nywele za mwanangu zilikuwa palepale.

Sikumbuki nilivyofika mlangoni kwenye swichi kuu. Niliikata. Wifi yangu yuko na kikombe mdomoni, nimemzimia taa usoni, kama bibi yao.

Binti yangu ni mzima. Nyusi moja imepungua. Alipokifungua kile kisanduku akaona shaba, hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliufungua ule waya, akauweka mezani. Nikamwambia, mwanangu, bora ningeungua mimi. Akasema, "Fyuzi nina pakiti nzima, Mama. Wewe nikikuunguza nitakununua duka gani?" Kisha akanipa kijichupa kipya nikitie kwa mkono wangu mwenyewe. Nimekitia. Wifi alitumulikia kwa simu yake, akasema leo hajafukuzwa, leo ameshuhudia.

Chumba bado anakihamia. Nimeruhusiwa kumshonea pazia, na kupiga simu. Birika halijaruhusiwa kuvuka kizingiti.

Kwa hiyo, Mkuu, ombi (a) nalifuta. Mwalimu wa fyuzi mkazie mkono, na mwingine umkazie kwa niaba yangu. Ombi (b) nalifuta, mama hakuwa tayari kwa cheo hicho. Na lile (c), la fyuzi ikohoe kwanza, naomba ulichane kabisa asilione mtu, maana ilipofika zamu yangu, mimi mwenyewe sikukohoa.