Pembetatu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kaamua. Msimamizi mpya wa mafundi vigae ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Atakayepata alama bora kwenye masomo ya jioni ya hesabu ndiye. Shemeji! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwiko. Sasa anatembea na rula mfukoni mwa shati.
Kazi ya nyumbani: kila mtu achore pembetatu yake kwenye karatasi ya grafu na kuandika urefu wa pande. Nimeikodolea macho karatasi mpaka mke wangu kauliza kama nasali.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaja kula, kasahau daftari kwenye kochi. Riziki haina mwenyewe. Pembetatu yake iko (1,1), (5,1) na (2,4). Kunakili hivi hivi ni kujitia kitanzi. Lakini mimi fundi. Kigae kilichokatwa kwa kona ya kulia hakifai kona ya kushoto: ukikigeuza, uso unalala kwenye saruji. Kikigeuzwa ni kigae kingine!
Basi nimeipindua kuvuka mstari wa wima, nikaishusha hatua sita. Hata mama mkwe hataitambua. Urefu wa pande nimeuacha alivyoandika yeye. Mmoja ni tisa.

Jumatano, 6 Machi
Nimekabidhi. Nimefanya mazoezi ya sauti ya usimamizi bafuni. Mke wangu kauliza nagombana na nani. Kasema pia daftari la kaka yake limerudi na alama za vidole zenye gundi ya vigae. Nimemjibu mafundi wote wana vidole.

Alhamisi, 7 Machi
Fedheha. Mwalimu kasema darasa zima ni wawili tu wenye upande wa tisa, na kwa pande zile nyingine mbili pembetatu hiyo haifungi. Kaniita ubaoni. Nikaapa yangu haihusiani na ya shemeji: yake juu kulia, yangu chini kushoto, tena imepinduka. Akaniomba niirudishe nilikoitoa. Nikaipandisha sita, nikaipindua. Pembe ikalalia pembe, zote tatu. Makofi. Nikainama kushukuru.
Ndipo akasema kusogeza na kupindua hakurefushi upande wala hakupanui pembe, kwa hiyo pembetatu hizi ni sawasawa, na aliyethibitisha ni mimi mwenyewe. Nikamweleza kuhusu uso wa kigae. Akasema pembetatu haipakwi saruji.
Uthibitisho: bora kuliko wa darasa zima. Kazi ya nyumbani: sifuri. Shemeji kacheka hadi rula ikadondoka. Imebaki kazi moja ya kuamua cheo.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi ya mwisho ni pembetatu tena. Mwalimu kasema tutasoma maumbo yanayofanana, yenye pembe zile zile ila ukubwa tofauti. Sikusikiliza sana, nilikuwa natazama shemeji anaweka wapi daftari.
Kesho anakuja kula. Safari hii sipindui kitu. Nitaichora ya kwake kwa ukubwa mara mbili. Kigae cha sentimita thelathini si cha sitini, hata muuza duka anajua hilo. Nani atagundua?