Uzinduzi Rasmi wa Kupatwa kwa Jua

"Umma unajulishwa kwamba kupatwa kwa jua kutafanyika uwanjani Makongeni, saa sita hadi saa nane mchana, na kutazinduliwa rasmi na mgeni wa heshima. Kabla ya uzinduzi, mwananchi yeyote haruhusiwi kutazama juu."

Tangazo lilitoka Idara ya Itifaki na Mambo ya Angani, Thika. Lilikuwa na mihuri minne, kwa hiyo lilikuwa la kweli.

Ngendo wa mtaa wa Landless, mwenye digrii ya fizikia na miaka miwili ya kutarmac akitafuta kazi, alilisoma akakimbilia uwanjani. Kituo cha utafiti wa nyota kingemwajiri kwa sharti moja: awaonyeshe watu tukio hilo, na achore umbo la jua kila dakika kumi. Kilimkopesha hata darubini yenye kioo cha kukinga macho. Sasa darubini imezungushiwa utepe, na utepe una mwenyewe.

"Sir, jua halingoji mtu," alimwambia Kang'ethe, afisa wa itifaki.

"Madam, hata maombi humngoja mheshimiwa. Jua ni nani?"

Saa sita mwezi ukaanza kulimega jua bila kibali. Mheshimiwa alikuwa bado Ruiru, akizindua choo. Kang'ethe alipiga simu, akaambiwa choo kimebakisha hotuba saba. Ngendo akalia waziwazi, wala hakuona haya.

"Woi, msichana, unalia na jua liko hapa?" Ni Benta, muuza mandazi, ameinua chujio lake la kuopolea. Kwenye kitambaa cheupe cha kiti cha mgeni wa heshima, mwanga uliopenya kila tundu la chujio ulikuwa umechora kijua kidogo kilichong'atwa.

"Usisonge, mama! Shikilia hapo hapo!"

"Na mandazi yangu yakiungua?"

"Yaungue!"

Ngendo akachora, akaandika saa, akaeleza hadi sauti ikamkauka. Nusu ya Makongeni ilizunguka kile kiti. Sheria haikuvunjwa, maana hakuna aliyetazama juu.

Saa tisa mheshimiwa akawasili, akakata utepe, akainamia darubini. Jua lilikuwa zima kama chapati.

"Limepatwa vizuri sana!" akatangaza. "Nusu nzima imeenda!"

Kang'ethe akachungulia, akathibitisha, akagonga muhuri kwenye karatasi ya idara: kupatwa kulianza saa tisa na dakika tano, nusu nzima ikaenda, kwa idhini ya mheshimiwa.

Ngendo alikitumia kituo karatasi zote mbili, yake na ya idara. Jibu lilikuja baada ya wiki. Yeye aripoti kazini Jumatatu. Kuhusu viongozi wawili walioona nusu ya jua lililokuwa zima, kituo kiliwapa pole nyingi, kikashauri wapimwe macho upesi kabla hawajapofuka.

Barua ikasambaa simu kwa simu. Watu wa Makongeni wakaingiwa na huruma kubwa, wakakataa kutulia hadi viongozi wao wapimwe na majibu yasomwe uwanjani. Viongozi wakapelekwa. Daktari akasoma ripoti ya mstari mmoja: macho ya wote wawili ni mazima kabisa.

Hapo ndipo taabu yao ilipoanza.