Mwangaza wa Bure kwa Dada Gentrix

Jumatatu, 3 Februari 2025
Malaba. Joto kali, hata nzi wamelala. Leo nimegundua kazi niliyozaliwa kuifanya, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na karatasi za mizigo mpakani. Mimi ni mshauri wa majengo yasiyokula stima! Nimeona tangazo kwa chifu: kuna mradi unaosaidia wafanyabiashara wadogo kuchora upya nyumba zao ili stima ipungue. Bure! Watu hawa wameharibu soko kabla sijaingia.

Mteja wa kwanza ninaye nyumbani. Dada yangu Gentrix ana lojing'i ya kulala madereva wa malori. Marehemu mama alimwachia yeye lojing'i, mimi akaniachia yeye. Feni zinazunguka mchana kutwa, taa za korido hazizimwi, na stima inammaliza. Amesema isipopungua atafunga. Akifunga, mimi nitakula wapi?

Alhamisi, 6 Februari
Mtaalamu wa mradi amekuja. Binti mdogo, anaitwa Terry, ana futi ya kupimia na maswali ya ajabu. Hakutazama hata balbu moja. Alikaa kwenye korido akauliza ni nani hulala hapa, na hulala saa ngapi. Nani hulala lojing'i? Wageni! Gentrix akamweleza kirefu, kana kwamba ni jambo la maana: madereva huendesha usiku, hufika alfajiri, hulala mchana wakingoja karatasi zipitishwe, tanboi, yule msaidizi wa dereva, akilinda lori.

Terry akasema madirisha yabaki madogo vilevile. Paa lipakwe rangi nyeupe, matundu ya hewa yatobolewe chini ya paa, na mikeka ya mafunjo itandazwe juu ya dari. Mikeka juu ya dari! Mtu amesoma chuo kikuu ili aje kututandikia mahali ambapo hata panya hajaomba. Atarudi Jumamosi kuchukua jibu. Nafasi imebaki moja tu Malaba nzima.

Jumamosi, 8 Februari
Mbinu yangu ya kumwondoa mshindani imefaulu. Nilimvizia Terry kwenye steji ya boda boda kabla hajafika kwetu. Nikamwambia dada anashukuru sana, lakini amepata mshauri mwingine. Akauliza nani. Nikajibu ni mtu mkubwa, hapendi kutajwa.

Kisha nikamwambia Gentrix kwamba mradi umehamia Alupe. Akasema alikuwa amempenda yule binti kwa sababu alijua kusikiliza. Nilisikia uchungu moyoni. Ulinitoka nilipopewa chapati.

Jumatano, 12 Februari
Siku kuu! Gentrix amekubali ushauri wangu, na Fundi Barasa amebomoa dari yote na kung'oa nusu ya mabati. Mahali pake tumeweka mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mabati ya zamani na mbao za dari tumeziuza ili kununua haya mapya, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Barasa aliuliza kama nimefikiria wanaolala. Nikamjulisha kwamba fundi hupiga misumari, mshauri ndiye hufikiri.

Kufika saa sita vyumba vyote vilikuwa vinang'aa bila balbu hata moja. Gentrix alisimama kwenye korido akakinga uso kwa leso. Akauliza kama kuna kitu cha kufunika. Nikamwambia macho yatazoea.

Jumamosi, 15 Februari
Watu hawana shukrani. Kiprono, dereva wa Eldoret, mteja wetu tangu enzi za mama, ametoka chumbani asubuhi na taulo kichwani na vumbi mgongoni. Alisema kwa upole kwamba ametoka Mombasa, usiku huu anaelekea Kampala, na amejaribu kulala chini ya kitanda kwa sababu huko kuna afadhali. Nilimshauri anunue kofia.

Tatizo dogo: jua linaingia bila kubisha hodi, na feni zinafanya kazi kuliko zamani. Taa zimepumzika, lakini stima imepanda. Nimemwambia Gentrix nyumba mpya huchukua muda kutulia.

Jumatatu, 24 Februari
Habari mbaya. Mbarak, mwenye lojing'i ya ng'ambo ya barabara, ndiye aliyepewa nafasi ya Terry. Paa lake sasa ni jeupe kama kanzu yake ya Ijumaa. Niliingia nikijifanya naomba kiberiti. Ndani baridi, giza kama la mtungini, na feni zote zimezimwa! Katika chumba cha pili mtu alikuwa anakoroma. Nimeusikia mkoromo huo tangu nikiwa kijana. Ni wa Kiprono.

Nilisimama mlangoni nikiusikiliza. Roho iliniuma sana. Mbarak akasema Terry ananisalimia, na anamuulizia yule mshauri mkubwa.

Jumapili, 2 Machi
Gentrix amefunga. Magodoro yamepakiwa kwenye mkokoteni hadi steji, kutoka hapo ni Chakol, kwenye shamba la mjomba, akalime mihogo. Nilimwomba ajaribu mwezi mmoja zaidi. Alikaa juu ya godoro la mwisho.

"Mbarak ameniambia ulichomwambia yule msichana," alisema. "Fidel, hawa madereva wana vitanda kwao. Mimi nilikuwa nawauzia giza. Mama pia aliuza giza. Wewe umeliuza na mabati."

Hakulia. Afadhali angelia. Ameniachia chapati mbili zimefungwa kwa gazeti, na ufunguo wa nyumba ambayo haina kitu cha kuibiwa.

Nimekaa chumba cha Kiprono peke yangu. Mwanga mwingi ajabu. Hakuna pa kuuficha uso. Nimekula chapati zote mbili nikiyatafakari maneno ya dada, na nimekiri kwamba amenishinda akili. Giza! Kumbe mali ni giza!

Kesho naenda Sio Port. Kuna akina mama kule wanaanika omena, wale dagaa wa ziwani, juani kutwa nzima, maskini, bila mshauri. Nitawajengea nyumba ya kukaushia omena, giza totoro, mwale mmoja usiingie. Stima haitatumika hata kidogo. Na sitawachosha na maswali.